NANI ALIMWITA MSAKA WACHAWI?



Filamu ninayokusudia kuipinga katika kurasa hizi si mpya. Ilipigwa nchini Uingereza katika miezi ya mwisho ya mwaka 1967, ikaanza kuonyeshwa mwaka 1968. Gharama yake haikufika paundi laki moja, fedha ambazo hata kwa wakati ule zilikuwa chache kwa filamu yenye farasi, askari na ngome. Inaitwa Witchfinder General, maana yake Jemadari wa Wasaka Wachawi. Aliyeiongoza, Michael Reeves, alikuwa kijana wa miaka 24 hivi, naye alifariki dunia Februari 1969 akiwa na miaka 25. Huko Marekani wafanyabiashara waliipa jina jingine, The Conqueror Worm, wakabandika juu yake shairi la Edgar Allan Poe lisilohusiana hata kidogo na habari yenyewe, ili wapenzi wa filamu zilizotokana na hadithi za Poe wadhani wameletewa nyingine. Hilo la wafanyabiashara tuliache.

Huenda utauliza: Tume ya Haki na Amani inatafuta nini katika filamu ya kutisha ya Waingereza? Jibu ni kwamba filamu hiyo imejengwa juu ya jambo lililoua maelfu ya watu katika nchi yetu, nalo ni kumnyoshea mtu kidole na kumwita mchawi. Aidha, imesifiwa sana. Wapo wataalamu wanaoiweka miongoni mwa filamu bora za kutisha zilizopata kutengenezwa Uingereza, na wapo watu wenye nia njema wanaoamini kwamba inafundisha haki: mwovu anavuliwa joho, mnyonge anahurumiwa, na mwishoni mwovu anapata alichostahili. Nami nasema kwamba fundisho hilo ni la uongo. Si uongo wa tarehe na mavazi, maana huo ningeusamehe. Ni uongo kuhusu mahali uovu unapokaa.

YANAYOSIMULIWA

Ni mwaka 1645. Waingereza wanapigana wenyewe kwa wenyewe, Bunge upande mmoja na Mfalme Charles wa Kwanza upande wa pili, na katika wilaya za mashariki sheria imelegea. Matthew Hopkins anapita kijiji hata kijiji juu ya farasi, pamoja na msaidizi wake John Stearne, akisaka wachawi kwa malipo. Wanafika Brandeston, wanamkamata mchungaji wa kijiji, John Lowes, wanamtesa na kumnyonga. Lowes ana mpwa wa kike, Sara, mchumba wa Richard Marshall, askari wa jeshi la Bunge. Mambo anayotendewa binti huyo sitayaeleza hapa. Marshall anaapa kulipiza kisasi, anawafuatia, na mwishoni, ndani ya ngome, anamshukia Hopkins kwa shoka. Anamkata tena na tena. Askari mwenzake, akiona hali hiyo, anampiga Hopkins risasi ili afe upesi. Naye Marshall, badala ya kutulia, anapaza sauti kama mwendawazimu akilalamika kwamba amenyang'anywa mtu wake. Sara naye anapiga ukelele usiokoma, na filamu inaishia hapo.

Haki inanidai niseme kwamba kijana Reeves hakuwa mpumbavu. Filamu inafunguka kwa mlio wa nyundo: juu ya kilima mtu anagongelea mti wa kunyongea, na kutoka bondeni mwanamke anaburutwa akilia, nyuma yake watu wa kijiji, na mchungaji akisoma sala zake kana kwamba yuko katika maandamano ya kawaida. Baadaye, mwanamke mwingine akiisha kuchomwa moto katika uwanja wa mji, tunawaona watoto wakichoma viazi katika makaa yaliyobaki. Picha hiyo ni ya sekunde chache tu, lakini mhubiri mwenye akili angeweza kuihubiri Kwaresima nzima. Tena kuna jambo dogo ambalo watazamaji wengi hawalitilii maanani: ni Marshall mwenyewe, huyo shujaa, anayekutana na Hopkins njiani na kumwonyesha njia iendayo Brandeston.

Hivyo basi mwongozaji aliiona kweli. Aliiona, akaipita. Baada ya nyundo, viazi na ile njia panda, filamu inageuka na kuwa habari ya mtu mmoja mbaya na mtu mmoja anayemwinda. Mtazamaji anaondoka akiwa amemchukia Hopkins na kupumua kwa raha. Kijiji kimesahauliwa.

SURA YA MWOVU

Aliyepewa nafasi ya Hopkins ni Vincent Price, Mmarekani aliyekuwa na miaka 56, mtu ambaye sura yake pekee ilitosha kuwajulisha watazamaji wa siku zile kwamba shetani ameingia. Nguo nyeusi, sauti nzito, macho makavu. Hopkins wa kweli alikuwa kijana. Alizaliwa yapata mwaka 1620, mtoto wa mchungaji wa kijijini, na alipoanza kazi yake huko Manningtree, katika wilaya ya Essex, alikuwa hajafikisha miaka thelathini. Hakuna Bunge lililompa cheo cha ujemadari. Alijipachika mwenyewe, na watu wakakubali kumwita hivyo. Wala hakuwa na mamlaka ya kumnyonga mtu hata mmoja. Katika filamu anakamata, anatesa na kunyonga bila kumwuliza mtu. Katika historia, mtuhumiwa alipelekwa mbele ya majaji, na hatia yake ikaamuliwa na watu kumi na wawili walioapishwa, raia wa wilaya ile ile, watu wenye mashamba na maduka, ambao Jumapili walikaa kanisani kama sisi tunavyokaa.

Hata moto wa filamu ni wa kuwapendeza watazamaji. Sheria ya Uingereza iliwanyonga waliohukumiwa kuwa wachawi; moto uliwekwa kwa mwanamke aliyetiwa hatiani kwa kumwua mumewe, kama alivyofanyiwa Mary Lakeland wa Ipswich mwaka 1645. Moto unaonekana kuwa kazi ya wendawazimu. Kitanzi kilichotanguliwa na mashahidi, majaji na karani anayeandika ni kazi ya watu wenye akili timamu.

Je, habari yenyewe ilianzaje? Hapa naomba msomaji asome polepole, kwa kuwa atadhani nasimulia habari za Usukuma. Katika majira ya baridi ya mwaka 1644 kuelekea 1645, mshonaji mmoja wa Manningtree, John Rivet, aliuguliwa na mkewe. Ugonjwa haukueleweka. Akaenda kwa mganga, mwanamke mpiga ramli, naye akamwambia kwamba mkewe amerogwa na majirani wawili wa kike. Shaka ikamwangukia Elizabeth Clarke, bibi kizee mwenye mguu mmoja, maskini, ambaye ilisemekana kwamba mama yake naye alinyongwa zamani kwa uchawi. Akakamatwa. Sheria ya nchi ile haikuruhusu mateso, kwa hiyo hakupigwa, alikesheshwa tu. Watu walikaa naye zamu kwa zamu usiku baada ya usiku asipate kufumba jicho, wakingoja mashetani wake waje kumtembelea. Bibi wa miaka kama themanini, bila usingizi, alianza kusema waliyotaka kuyasikia, kisha akaanza kutaja majina ya wengine. Miongoni mwa waliokesha naye alikuwamo Hopkins. Kufikia mwaka 1647 watu waliouawa katika wilaya za mashariki kwa mlolongo ulioanzia kwenye kitanda cha mke wa mshonaji walifikia mia moja au kuzidi, kwa makadirio ya wanahistoria wengi.

Utaona mpangilio wake: kwanza ugonjwa, kisha mpiga ramli, kisha jirani, na mwisho kabisa msaka wachawi. Filamu imeanzia mwisho. Imemtoa mshonaji, imemtoa mganga, imemtoa bibi mwenye mguu mmoja, ikatuachia farasi na shoka.

MZEE ASIYEPENDWA

Nimesema kwamba katika filamu John Lowes ni mchungaji mpole, na kwa sababu hiyo tunamlilia. John Lowes wa kweli alikuwapo. Alikuwa mchungaji wa Brandeston kwa karibu miaka hamsini, mzee wa miaka themanini hivi, tena mgomvi. Alishitakiana na waumini wake mahakamani mara kadhaa. Bila shaka kulikuwa na watu wengi waliotamani siku ya kumzika. Hopkins na wenzake walipomshika walimkesha usiku kadhaa, wakamkimbiza huku na huko ndani ya chumba mpaka pumzi ikamwishia, wakampumzisha kidogo, wakamkimbiza tena. Wakamtosa katika handaki la maji la ngome ya Framlingham ili kuona kama ataelea, maana waliamini kwamba maji humkataa mchawi. Mwishowe alikiri, pamoja na mengine, kwamba alimtuma shetani wake kuzamisha merikebu karibu na bandari ya Harwich. Kesi haikusimama kungoja mtu aende Harwich akaulize kama kuna merikebu iliyozama siku hiyo. Tarehe 27 Agosti 1645 alinyongwa huko Bury St Edmunds pamoja na wengine 17, karibu wote wanawake. Inasimuliwa kwamba, kwa kuwa hakuruhusiwa kuwa na mchungaji wa kumsindikiza, alijisomea mwenyewe ibada ya mazishi.

Kwa nini basi filamu ilimfanya mpole? Kwa sababu watengenezaji walijua kwamba hadhira humlilia mtu mwema. Hapo ndipo filamu inapotudhuru kwa namna tusiyoitambua, kwa kuwa inatuzoesha kumtetea anayependeka tu. Anayeitwa mchawi mara nyingi hapendeki. Ni bibi mwenye ulimi mkali, aliyegombana na mkaza mwana. Ni mjane anayeomba chumvi kila siku na kunung'unika akinyimwa. Ni mzee aliyekataa kuuza kipande cha ardhi. Ni yule ambaye wajumbe wa jumuiya wakipita nyumba kwa nyumba humpitia mwisho, au hawampitii kabisa. Hapo ndipo haki inapopimwa. Kumtetea mtakatifu ni kazi nyepesi. John Lowes hakustahili kunyongwa hata kama angekuwa mgomvi mara mia kuliko alivyokuwa, na mtu asiyeweza kukubali neno hilo bila kwanza kufanyiwa Lowes mzuri wa kwenye filamu bado hajaijua haki.

Wanafunzi wa Maandiko wanaijua habari ya Susana katika sura ya 13 ya kitabu cha Danieli. Mwanamke ameshitakiwa na wazee wawili wenye heshima, baraza limeamini, hukumu imetolewa, watu wanampeleka kuuawa. Danieli, kijana mdogo, hakuleta malaika wala upanga ili kumwokoa. Aliwatenga mashahidi, akamwuliza kila mmoja peke yake: ulikuwa mti gani? Wakataja miti miwili tofauti, na uongo ukaporomoka. Mashtaka yale yaliokuwa yamekubaliwa na mkutano mzima hayakuweza kustahimili swali moja la kawaida kuhusu mti. Mashtaka ya Lowes nayo yasingestahimili swali moja kuhusu merikebu. Lakini ni nani katika Suffolk yote aliyeuliza?

Msomaji Mkatoliki naye asijipongeze kwa kuwa Hopkins alikuwa wa upande wa Wapuritani. Kitabu kilichowafundisha mahakimu wa Ulaya jinsi ya kuwawinda wachawi, Malleus Maleficarum, kiliandikwa na Heinrich Kramer, mtawa wa Shirika la Wadominiko, na kilikwisha kupigwa chapa kabla ya mwaka 1490. Na aliyeandika kwa ukali kuliko wengi dhidi ya kesi hizo alikuwa padre pia: Friedrich Spee, Mjesuiti wa Ujerumani, ambaye mwaka 1631 alitoa kitabu bila kutia jina lake, akaonyesha kwamba mateso ndiyo yanayozalisha wachawi, kwa sababu anayeteswa atakiri na atataja wenzake, na hao wakiteswa watataja wengine, hata asibaki mtu. Kanisa lilizaa Kramer na likazaa Spee. Kila padre achague mwenyewe anamrithi nani, na asifikiri kwamba kuvaa kanzu kumekwisha kumchagulia.

NANI ALILIPA

Sasa nafika kwenye jambo ambalo filamu inaligusa kwa kidole kimoja na kuliacha, nalo ndilo kubwa kuliko yote: fedha. Tunaonyeshwa Hopkins akipokea malipo yake, nasi tunachukia tamaa yake. Vema. Lakini fedha hizo zilitoka wapi? Vitabu vya hesabu vya miji vipo mpaka leo. Mji mdogo wa pwani wa Aldeburgh ulimlipa paundi 6. Stowmarket ilitoa paundi 23, wakati kibarua wa shambani alipata peni chache tu kwa siku. Ipswich ilitoza watu kodi ya pekee kugharimia kazi hiyo. Hizi si fedha zilizoporwa. Zilipendekezwa katika kikao, zikakubaliwa, zikakusanywa nyumba kwa nyumba, zikaandikwa na mweka hazina kwa mwandiko mzuri. Wajane walichangia. Pengine bibi aliyekuja kunyongwa mwezi wa nane alikuwa ametoa mchango wake mwezi wa sita.

Je, msomaji, hujapata kuona daftari la namna hiyo? Katika mikoa yetu ya magharibi na kusini-magharibi wanajulikana kwa jina la kamchape, na kwingine lambalamba. Hawaji kwa nguvu. Huitwa. Kikao huketi, kila kaya hupangiwa kiasi, asiyetoa hutazamwa kwa jicho baya kana kwamba ameshajitaja mwenyewe kuwa mchawi, na wageni hao hupewa malazi na kuku. Kisha wanaingia katika nyumba ya mzee fulani, wanachimba, wanatoa pembe na hirizi ambazo baadhi ya watu wanasema walizificha wenyewe mikononi, na kijiji kinapiga vigelegele. Wakiondoka, mzee aliyeaibishwa anabaki na majirani wale wale. Wakati mwingine habaki muda mrefu.

Na kabla ya hao yuko mpiga ramli, kama yule wa mke wa mshonaji. Mwezi Januari 2015, wakati taifa lilipokuwa likiomboleza mauaji ya ndugu zetu wenye ulemavu wa ngozi, serikali ilipiga marufuku waganga wapiga ramli. Lilikuwa jambo jema, lakini wapiga ramli hawaishi kwa hewa, wanaishi kwa ada ya wateja. Mteja ni mume aliyeuguliwa, mama aliyefiwa na watoto wawili kwa mwaka mmoja, kijana aliyekosa mavuno. Anakwenda kwa uchungu wa kweli, na hilo tusilidharau. Aliyefiwa anataka kujua sababu, na zahanati ikimjibu kwa mkato atatafuta jibu kwingine. Lakini anarudi na jina. Jina hilo likishaingia kijijini, kinachobaki ni kutafuta alama za kulithibitisha, na alama hazikosekani: macho mekundu, ambayo kwa mwanamke aliyepika kwa kuni na samadi kwa miaka hamsini ni alama ya moshi wa jikoni mwake. Huko Uingereza walitafuta chuchu ya ziada mwilini, ambayo kwa bibi wa miaka themanini ni chunjua tu.

SHOKA

Naja sasa kwenye mwisho wa filamu, na hapa ndipo ninapoishitaki waziwazi. Katika filamu Hopkins anakomeshwa kwa shoka. Watetezi wake watasema kwamba mwongozaji anatuonyesha jinsi kisasi kinavyomharibu mlipiza kisasi, ndiyo maana Marshall anarukwa na akili. Nakubali kwamba alikusudia hivyo. Lakini hakutuachia njia nyingine yoyote. Katika filamu nzima hakuna mtu mmoja aliyemzuia Hopkins kwa neno. Ama unakuwa mwoga kama wanakijiji, ama unakuwa mwuaji kama Marshall. Mtazamaji anafundishwa kwamba hakuna mlango wa tatu.

Mlango wa tatu ulikuwapo, na mtu aliupita. Mwaka 1646 Hopkins alitaka kufika katika sehemu za Great Staughton, huko Huntingdonshire, akaandika barua akiuliza kama atapokewa vizuri. Mchungaji wa pale, John Gaule, alipanda mimbari akahubiri dhidi yake, kisha mwaka huo huo akachapisha kitabu kueleza njia zinazotumika kuwapata wachawi, na jinsi kila mwanamke mzee mwenye makunyanzi na jicho la makengeza alivyokuwa hatarini kuhukumiwa kwa sura yake. Gaule hakuwa mtu wa mawazo ya kisasa. Aliamini kwamba wachawi wapo. Hilo ni muhimu sana kwetu, kwa kuwa mara nyingi tunaambiwa kwamba mauaji haya hayatakoma mpaka kila mtu aache kuamini uchawi, na kwa kuwa jambo hilo haliwezekani kwa haraka, basi tukae. La hasha! Gaule aliamini, na bado akadai ushahidi. Hakungoja watu wabadili imani yao. Aliwataka waache kumkaribisha mtu yule.

Baada ya hapo maswali yakaongezeka. Yalipelekwa mbele ya majaji wa Norfolk: Hopkins ana ujuzi gani, anatumia njia gani, na kwa nini anajitajirisha kwa fedha za nchi? Mwaka 1647 alilazimika kuchapa kijitabu kidogo kujitetea. Msaka wachawi ambaye jana alikuwa akiuliza wengine sasa alikuwa akiulizwa yeye. Biashara yake ilikuwa imekwisha. Agosti ya mwaka ule ule alifariki, inavyoaminika kwa kifua kikuu, akazikwa Mistley, karibu na alikoanzia. Hakuna aliyemgusa kwa shoka. Naelewa kwamba barua, mahubiri, maswali na ugonjwa wa mapafu havifai kwa filamu ya kutisha. Lakini ndivyo ilivyokuwa, na mtu anayetengeneza filamu juu ya wafu wa kweli, kwa majina yao ya kweli, hana ruhusa ya kumfuta yule mmoja aliyesema hapana.

Nasi huku kwetu tulikwisha kulijaribu shoka. Mwaka 1976, katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, vyombo vya dola viliendesha operesheni ya kuwasaka wauaji wa vikongwe. Nia ilikuwa njema, kama ya Marshall. Watuhumiwa waliteswa mikononi mwa watu waliowekwa kulinda sheria, na baadhi yao wakafa. Mwaka 1977 Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu kwa kuwajibika, ingawa si yeye aliyetesa. Na mpaka alipofariki mwaka 2024 watu walimheshimu kwa tendo hilo. Je, mauaji ya vikongwe yalikoma? Takwimu za serikali za kati ya mwaka 1970 na 1984 zilionyesha kwamba Tanzania Bara watu 3,693 waliuawa kwa sababu za imani ya uchawi, na kati yao 2,286 walikuwa wanawake. Shoka lilipita katikati ya miaka hiyo, na idadi ikaendelea kupanda. Mateso hayakuweza kuwafikia wapiga ramli wala vikao vya michango, kwa sababu mateso hutoa majina tu, mengine ya kweli na mengine ya uongo, na anayetesa hana njia ya kuyatofautisha. Hopkins angeweza kuwaeleza hivyo.

Kijana mmoja aliyeiona filamu hiyo aliniambia kwamba alipoona shoka likishuka alitamani awe yeye aliyelishika. Nilimwuliza kama anamfahamu mpiga ramli wa kijiji chao. Anamfahamu. Je, nyumbani kwao wamewahi kwenda kwake? Alinyamaza kidogo, akasema kwamba mama yake alikwenda, mwaka jana, ng'ombe walipokufa. Nikamwuliza lilitoka jina la nani. Hakunijibu, nami sikumlazimisha; lakini alikuwa analijua.

Kwa wajumbe wa Tume katika jumuiya ndogo ndogo, ninapendekeza mambo yafuatayo yafanyike daftari la michango linapoanza kupitishwa. Mjumbe asitoe mchango, na aseme wazi mbele ya watu kwamba hatoi. Aulize na aandike: nani aliitisha kikao, muhtasari wake uko wapi, fedha anazishika nani, mganga aliyetoa jina ni nani na alilipwa kiasi gani, mzee aliyetajwa ana shamba la ukubwa gani, na warithi wake ni akina nani. Karatasi hiyo ifike kwa paroko na katika kituo cha polisi siku ile ile, si baada ya Jumapili. Na usiku huo watu watatu au wanne wa jumuiya, wakiwamo wanaume, wachukue mikeka yao na taa wakalale nyumbani kwa mzee huyo, hata kama ni mgomvi.